Vidonge vya antioksidanti vilifeli kwenye kisukari, mboga hazijafeli

Ubishi wa antioksidanti na kisukari una pande mbili zinazopigiana kelele. Wa kwanza wanasema mlonge, karafuu, mdalasini na mboga za majani zinakinga kisukari kwa sababu zina antioksidanti, yaani viambato vinavyozima radikali huru, chembe zinazoharibu seli za mwili. Wa pili, wengi wao watu waliosoma, wanajibu kwamba antioksidanti zilishapimwa zikafeli, kwahiyo yote hayo ni biashara tu. Hawa wa pili wana hoja nzito, ila naona wameivuta mpaka pasipofika, na wanaopotea hapo katikati ni mboga zenyewe.

Hoja yao hii hapa. Marekani wanawake zaidi ya 6,500 wasio na kisukari walifuatiliwa kama miaka 9, wengine wakimeza vitamini C, vitamini E au beta-karotini, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa, na mwisho wa siku hakukuwa na tofauti ya maana kwa waliopata kisukari. Finland, majibu yalipotoka 1994, wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata kansa ya mapafu zaidi kwa 18%. Halafu Ujerumani, 2009, vijana waliofanya mazoezi huku wanameza C na E waliikosa ile faida ya mwili kuitikia vizuri insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu, ambayo wenzao waliipata, maana hizo radikali huru kidogo zinazotoka kwenye misuli ndo zinaushtua mwili ujirekebishe. Kwa upande wa vidonge sina ubishi.

Lakini 2020 ukatoka utafiti wa EPIC-InterAct, nchi 8 za Ulaya, na huu sioni watu wakiutaja. Walichukua watu 9,754 waliopata kisukari aina ya pili wakawalinganisha na kundi la watu 13,662, na hawakutegemea kuuliza tu unakula nini, maana ukiulizwa kila mtu anakula mboga, walipima vitamini C na karotenoidi (rangi za mimea, beta-karotini ikiwemo) kwenye damu yenyewe. Kadiri viwango vilivyopanda ndivyo hatari ilivyoshuka, na walipopiga hesabu, tofauti ya gramu 66 za matunda na mboga kwa siku iliendana na hatari kuwa chini kwa 25%. Gramu 66 jamani! Hiyo ni kama nusu ya nyanya ya wastani. Hatuongelei kubadilisha maisha yote wala kula majani asubuhi mpaka jioni, ni vijiko vikubwa vitatu hivi vya mchicha vya ziada kwenye sahani ambayo tayari ina ugali.

Mtu atasema anayekula mboga ndo huyohuyo anayefanya mazoezi, havuti sigara na ana hela. Sawa, na utafiti wa kufuatilia watu hauwezi kuthibitisha kwamba mboga ndo zimesababisha, ila mazoezi, sigara, elimu na vyakula vingine waliviweka kwenye hesabu na uhusiano bado ukaonekana.

Sasa mbona kidonge kishindwe? Nadharia yenyewe, kwamba kuzima radikali huru kunakinga kisukari, sio mbovu, seli za kongosho zinazotoa insulini kweli zina ulinzi dhaifu dhidi ya radikali huru. Ninavyoona mimi, vitamini C kwenye damu ni shahidi kwamba huyu mtu anakula mboga, na hizo mboga zinakuja na nyuzinyuzi, magnesiamu na polifenoli (kemikali za mimea) kibao ambazo hakuna aliyezifungia kwenye kapsuli moja. Angalia juisi. Utafiti wa 2013 wa wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 Marekani ulikuta wanaokula matunda mazima, hasa zabibu na tufaa, hatari yao iko chini, wanaokunywa juisi iko juu.

Hata jikoni kuna la kuangalia. Mchicha ukichemshwa sana halafu maji yakamwagwa, vitamini C nyingi imeenda na maji, wakati karotenoidi zinataka mafuta ndo mwili uzichukue, kwahiyo mchicha ulioiva haraka na karanga au nazi uko vizuri kuliko ule wa kuchemsha tu.

Ila tafiti hizi ni za watu ambao walikuwa bado hawajaugua kisukari. Anayeuziwa unga wa mlonge ili aache metfomini, dawa ya kisukari, anauziwa kitu ambacho hakuna hata utafiti mmoja kati ya hizi uliokisema, na mwenye kisukari aina ya kwanza akiacha insulini anaweza kufa ndani ya siku chache.