Mama hahitaji kuonyeshwa karafuu

Papasi wa Mji Mkongwe, hawa vijana wanaowaandama wageni kuwauzia ziara, wametuchosha, nasema kweli. Mama yangu kazaliwa Malindi, Unguja. Akaondoka mwaka 1964 akiwa msichana wa miaka 12, akaishia Maskati, na safari hii ndiyo mara yake ya kwanza kurudi. Kiswahili hakikumtoka hata siku moja. Sisi wanawe katulea nacho.

Hatujafika hata Darajani, kijana katurukia: “Jambo! Hakuna matata!” Mama akamjibu, “Hatujambo, mwanangu, sijui wewe.” Badala ya kuona haya, akabadilisha lugha, bei asibadilishe. Anataka kumpeleka ziara ya viungo akamwonyeshe mkarafuu. Mama! Aliyekuwa akienda shamba kwa bibi yake, wakikaa jamvini kuchambua karafuu na makonyo mpaka vidole vinanata!

Najua watu wanatafuta riziki, na viatu vyetu vinatusema kabla hatujafungua mdomo. Lakini ukishaambiwa “ahsante, hatuhitaji” mara tano, tena kwa Kiunguja kitupu, si uende zako?

Huyu alitufuata vichochoroni mpaka nyumba aliyozaliwa mama. Mama kasimama, kaweka kiganja juu ya nakshi za mlango, machozi yanamlengalenga, hakuna anayethubutu hata kukohoa. Na yule bwana bado yuko begani kwake:

“Mama, hii nyumba ya zamani sana. Nikusimulie habari zake? Elfu ishirini tu.”