Aliuliza Saizi ya Mume

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza rafiki yangu kununua vaibreta, kile kifaa cha mtetemo cha kujipa raha mwenyewe. Ni ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka katikati ya Kampala. Ukishawapita wauza mawigi na yule mama wa majani ya kupunguza tumbo, unakuta kibanda chenye pazia la kitenge. Hutaji jina la kitu. Unasema "nimekuja kuona vile vya ndani" na pazia linafunguka. Rafiki yangu ana miaka 38 na watoto watatu, na biashara yake ya mahindi imeshamnunulia magari mawili. Lakini pale alisimama kama mtoto aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Muuzaji, binti mchangamfu mwenye kucha ndefu, alimtazama juu mpaka chini, akauliza swali moja tu: "Nyabo, mume wako ana saizi gani?"

Rafiki yangu akaonyesha kwa mikono! Kama mvuvi wa Ziwa Victoria anayesimulia sangara aliyemponyoka. Binti akainama, akavuta boksi refu kutoka chini ya meza. Shilingi 280,000. Noti zilikuwa zimeshaanza kuhesabiwa nilipokohoa.

Tangu siku hiyo nina hasira na lile swali. Sina hasira na binti, yeye anauza alicholetewa. Mwanamke anakuja kununua kitu cha mwili wake, cha kutumia mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa, na mtu wa kwanza kupimwa ni mwanaume ambaye hata hayupo. Kiatu unanunua kwa kupima mguu wa mumeo? Sidiria je? Sokoni Owino tunageuza blauzi nje ndani, tunavuta mshono, tunanusa kwapa, tunabishana kwa ajili ya shilingi elfu moja. Hapa tunapelekeshwa na saizi ya mtu aliyebaki nyumbani anatazama mpira.

Boksi refu lenyewe linatoka kwenye imani kwamba utamu wa mwanamke uko ndani, mbali, na ukitaka kuufikia tafuta kirefu zaidi. Uongo. Kwa wengi wetu kazi iko nje, kwenye kinembe. Na hicho kinembe unachokiona ni ncha tu. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Australia, Helen O'Connell, alichapisha uchunguzi wake ulioonyesha wazi kwamba sehemu kubwa imejificha ndani ya mwili, ina mikono inayoteremka pande mbili na kuukumbatia uke. Fikiria, 1998! Watu walikuwa wameshatembea mwezini wakarudi, vitabu vya udaktari bado vinachora kipande. Halafu kuna utafiti wa Marekani ulioongozwa na Debby Herbenick, ukauliza wanawake zaidi ya 1,000. Waliosema kuingiliwa peke yake kunatosha kuwafikisha kileleni walikuwa kama 18 katika kila 100. Mtaniambia hao ni Wamarekani, sisi tuna vyakula vyetu. Haya. Waulize mashoga zako usiku wa kupikia harusi, taa zikishapunguzwa, halafu uje uniambie umehesabu wangapi.

Wala hili si jambo la kuletewa na ndege. Nenda magharibi, kwa Wanyankole, uulize kachabali ni nini. Vuka mpaka uingie Rwanda, wana lao wanaliita kunyaza. Mwanaume anagonga-gonga na kusugua pale nje, taratibu, hana haraka ya kuingia popote, na wazee wanamcheka asiyejua. Hapakuwa na betri wala chaji. Watu walikuwa wamejua kitu kilipo. Shangazi yangu, ssenga, yaani kungwi hasa wa nyumba yetu pale Walukuba, Jinja, alinikalisha kwenye mkeka nikiwa na miaka 19, siku chache kabla ya kuolewa, akaniambia mengi ambayo sitayaandika hapa. Moja nitaliandika: "Mwanangu, usipojua mwenyewe panapokuwasha, hakuna wa kukukuna." Leo ssenga wa kulipia wako kila redio wakituambia jinsi ya kumfurahisha mume. Hilo la kujikuna limepotelea wapi?

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu arudishe noti kwenye mkoba kwanza, nikamuuliza maswali ambayo binti hakuuliza. Ukiwa peke yako, mkono wako unaenda wapi? Unapenda kugandamizwa au kupapaswa? Unalala chali au kifudifudi? Unataka pale pale kwenye ncha, au ukiguswa hapo moja kwa moja unaruka kama umeguswa na umeme? Alinijibu kwa kunong'ona, anatazama dari. Majibu yote manne hayakuwa na uhusiano wowote na boksi refu.

Mwenye kupenda kitu kidogo pale pale kwenye ncha, vipo vidogo vya ukubwa wa kidole. Anayeruka akiguswa moja kwa moja, atafute chenye uso mpana unaosambaza mtetemo, au akiweke juu ya chupi, hakuna polisi wa chupi. Vipo vya kuvuta hewa, vina kimdomo, havisugui kabisa. Vilianza Ujerumani 2014, na kuna wanawake wanaviapia kama wanavyoapia mganga. Mwenye mikono inayouma, au tumbo kubwa, au mjamzito anayehema akijikunja, anahitaji mpini mrefu. Ile mashine kubwa yenye kichwa kama mpira, kampuni ya Hitachi waliitoa 1968, ikauzwa kama ya kukanda mgongo. Mpaka leo zipo zinazouzwa hivyo, na mabega yetu yanatusaidia sana kutunza siri.

Na wapo wanaotaka ndani. Sawa, wapo, sibishi, na boksi refu lina watu wake. Hata hivyo kilichopinda kidogo kuelekea upande wa kitovu huwa kina maana kuliko kirefu. Anayependa nyuma asiingize kitu kisicho na kitako kipana, maana kikizama safari inayofuata ni ya hospitali, na utamweleza daktari nini?

Nguvu ya mtetemo haijulikani kwa kusoma boksi. Maboksi yote yanasema "kasi 10". Kasi 10 za nini? Kuna mtetemo wa mbu, mkali, wa juu juu, dakika tatu ngozi imekufa ganzi. Na kuna mtetemo wa taksi iliyosimama Old Taxi Park inasubiri abiria, injini inaunguruma, unausikia mpaka kwenye mifupa ya kiti. Wengi wanaodhani vaibreta haziwafai walikutana na mbu. Njia ya kupima ni hii: kiwashe, kiweke kwenye ncha ya pua. Kikikutekenya mpaka unataka kupiga chafya, ni mbu. Ukisikia kinazama mpaka kwenye meno, hapo una kitu. Rafiki yangu aliweka puani vitatu, kimoja baada ya kingine, macho kayafumba kama anaonja divai, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alicheka.

Sasa niwe serious kidogo, hapa ndipo nilipoumia mwenyewe. Cha kwangu cha kwanza, 2016, kilikuwa cha rangi ya waridi, laini, kinang'aa, kinavutika kama peremende. Nilipofungua plastiki chumba kizima kilinuka kandambili mpya. Nikasema harufu itaisha. Haikuisha, na baada ya wiki mbili nilikuwa nawashwa, na si ule muwasho wa shangazi. Nesi niliyemwendea aliniuliza maswali yote isipokuwa hilo, nami sikumsaidia. Vile vya jeli vinalainishwa kwa kemikali za kundi la fthaleti, ambazo Ulaya imeziwekea mipaka hata kwenye midoli ya watoto. Halafu vina vitundu visivyoonekana kwa macho, uchafu unaingia, na huwezi kuutoa hata usugue kwa sabuni ya kipande. Silikoni halisi hainuki wala hainati. Plastiki ngumu, chuma kisichoshika kutu na kioo maalumu navyo havinyonyi kitu. Unaosha kwa maji na sabuni isiyo kali, unakausha, basi. Tangu 2021 kuna hata kiwango cha kimataifa cha vitu hivi, ISO 3533, lakini usitegemee kukiona nyuma ya pazia la kitenge. Tegemea pua. Kama umeshanunua na una wasiwasi, kivishe kondomu. Na kilainishi kiwe cha maji. Cha silikoni kinaweza kuharibu silikoni mwenzake, na mafuta ya mgando yanapasua kondomu. Ile kopo ya kupaka watoto miguuni iacheni miguuni.

Kuna mama mmoja wa huko Kapchorwa aliwahi kuniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama mtu aliyekatwa ana haja ya kujisumbua na haya mambo. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ilikuja 2010. Yeye alikuwa ameshakatwa zamani. Nilimwambia ninachokijua: kilichokatwa ni cha nje, na sehemu kubwa iko ndani, na kuna wanawake waliokeketwa ambao wanafika. Aanze na mtetemo mdogo kabisa, pembeni ya kovu, kupitia kitambaa. Kikiuma aache, amwone mkunga anayemwamini. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza bei. Binti wa kucha ndefu angemuuliza saizi ya mume.

Sauti, jamani. Kama unaishi kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga, ukuta wa tofali moja na dari ya pamoja, kisikilize dukani kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa. Jirani yangu wa zamani alinigongea saa nne usiku kuniomba mashine ya kunyolea, eti ameisikia inafanya kazi. Nilimwambia imeungua. Haikuwa uongo kabisa, moyo wangu uliungua.

Chagua cha kuchaji, si cha betri za duka la kona, na ukichaji siku umeme upo, maana unaijua nchi. Kama kinafunguliwa kwa programu ya simu, kumbuka 2017 kampuni moja ya Kanada ilikubali kulipa mamilioni ya dola kwa sababu vyombo vyake vilikuwa vinakusanya habari za watumiaji. Mimi nataka kitufe.

Mtasema sheria. Ndiyo, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inazuia kuingiza vitu vya aibu, ndiyo maana kuna pazia. Matunda yake ni kwamba kitu kibovu hakirudishwi, risiti hakuna, na hakuna wa kuulizwa kimetengenezwa kwa nini. Anayeona dini yake inakataza, asinunue, hiyo ni yake na Mola wake. Na waume wenye wivu na kitu kinacholala kwenye droo kikisubiri chaji, poleni. Kiombeni mkishike nyinyi.

Lakini nadhani shida nyingine ni maneno. Baraza la Mawaziri lilikubali 2022 Kiswahili kiwe lugha rasmi Uganda, hongera kwetu, ila jaribu kusema "kinembe" mbele ya watu wazima watatu. Mmoja atakohoa, mmoja atatazama simu, wa tatu atasema astaghfirullah. Binti wa dukani aliuliza mume kwa sababu mume ana maneno. Saizi ya mume inasemeka.

Tulimaliza hivi. Rafiki yangu alichukua kidogo cha silikoni ya kijivu kilichokuwa kimejaa vumbi nyuma kabisa ya rafu, 190,000 baada ya kuvutana. Binti alikunja uso. "Nyabo, hiki hakina nguvu, watu hawakitaki." Nikakiwasha, nikamwomba alete pua. Akacheka, akakataa, akaleta. Alikaa nacho puani kama sekunde kumi. Kisha akakizima, akachungulia nje ya pazia kama kuna mteja, akalivuta likafunga vizuri, akavuta kiti.

"Dada," akasema, "yale maswali manne. Hebu yarudie."