Makufuli matatu na dola 2,000

Tarehe 29 ya mwezi uliopita nilimpeleka mzee ninayemhudumia kununua televisheni. Anayo nyingine nyumbani, kubwa, nzima. Kazi yangu ni kutunza wagonjwa majumbani hapa Columbus, Ohio, mwaka wa tisa huu, na mzee huyu tumeshazoeana, kwa hiyo nikamuuliza ya pili ya nini. Akanigeuzia simu yake. Salio la benki lilisoma dola 2,140. Akasema tarehe mosi ikimkuta na salio lile, amekwisha.

Kwa mlioko nyumbani Tanzania nieleze kidogo. Kiharusi kilimpata akiwa na miaka 51, akabaki kwenye kiti cha magurudumu. Anaishi kwa SSI, fedha ya serikali kuu kwa wazee na wenye ulemavu wasio na kitu, ambayo haifiki hata dola 1,000 kwa mwezi. Sharti lake mojawapo ni kwamba mtu asiye na mwenza asiwe na akiba inayozidi dola 2,000, na hesabu hutazamwa mwezi unapoanza. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 1989. Kingepanda sambamba na bei za vitu, leo kingepita dola 5,000. Mzee alikuwa anadunduliza apate gari kuukuu litakaloingiza kiti chake. Gari lenyewe likishaegeshwa nje halihesabiwi; pesa ya kulinunulia ndiyo inayohesabiwa. Basi mwezi ukiisha anajitafutia kitu cha kununua. Ipo akaunti maalumu iliyowekwa na sheria ya 2014, ambayo mwenye ulemavu anaweza kuweka akiba mpaka dola 100,000 bila kuguswa SSI yake. Sharti lilikuwa kwamba ulemavu uwe ulianza kabla ya miaka 26, na kuanzia Januari 2026 wameongeza hadi kabla ya 46. Kiharusi chake kilichelewa miaka mitano.

Nilirudi nyumbani nikiwaza kikoba cha mama, kikundi chao cha kuweka akiba na kukopeshana.

Mama yuko Mbagala, Dar es Salaam, anauza vitumbua na chai asubuhi. Kila Jumamosi saa kumi jioni wanakutana uani kwa mweka hazina. Sanduku ni la bati, lina makufuli matatu, na funguo wanakaa nazo wanawake watatu tofauti. Wa mama huufunga kwenye pindo la kanga. Sanduku halifunguliwi mpaka wote watatu wafike, na aliyechelewa anatoa faini ya shilingi 500, awe mwenyekiti awe nani. Hisa ni shilingi 2,000, na hakuna kununua zaidi ya tano kwa wiki, ili mwenye uwezo asije akakifanya kikundi chake. Pembeni kuna mfuko wa jamii wa misiba na magonjwa. Anayekopa hapiti mara tatu ya hisa zake, na majina ya wadhamini wake yanasomwa mbele ya wote, waliopo wakiangaliana.

Vikundi vya namna hii vilianzia Maradi, Niger, mwaka 1991, shirika la misaada la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa huko, vikasambaa. Sijaona kitu kama hicho kwa maskini wa Columbus. Hapa mtu anaweka akiba peke yake, gizani, na akiteleza hakuna wa kumuuliza. Mwaka wangu wa kwanza benki ilinikata dola 35 kwa sababu salio lilipungua dola nne. Nilikaa kwenye basi nikipiga hesabu ile faini ni vitumbua vingapi.

Lakini sitaki kuimba sifa za nyumbani tu, maana kikoba kina tatizo lake, na sisi watoto tunalijua. Desemba wanavunja. Mama anapewa hisa zake na gawio la riba, na kufikia katikati ya Januari zimeshakwenda: ada, sare, sikukuu, mabati mawili matatu. Machi anaanza sifuri tena. Miaka kumi na mbili ya nidhamu ambayo mimi sina, na ukiniuliza ana mali gani, nitakuonyesha paa. Juzijuzi jirani yake, mwanakikundi mwenzake, aliuguliwa na mtoto mwezi Februari, sanduku likiwa tupu. Akaingia kwenye kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba ya kunyonga. Walikuja kubeba makochi mchana kweupe.

Ndiyo maana semina za elimu ya fedha zinanichosha, za huku na za huko. Mama yangu anafundishwa kuweka akiba na nani? Mzee wangu wa Columbus je? Hawa wanajua kudunduliza kuliko anayewafundisha. Mmoja akiba yake inaadhibiwa, mwingine inavunjwa kabla haijakomaa.

Wamarekani walishawahi kuliona hili. Profesa Michael Sherraden wa chuo kikuu cha Washington kule St. Louis alisema tangu 1991 kwamba maskini hatoki kwenye umaskini kwa kipato cha kula peke yake, anahitaji mali. Zikaja akaunti ambazo ukiweka dola yako unaongezewa nyingine, mradi pesa iende kwenye nyumba, masomo au biashara. Sheria ya 1998 ikazipa fedha za serikali kuu. Mwaka 2017 fedha hizo zikakoma. Sasa wanasema kuanzia 2027 wenye kipato kidogo wataongezewa nusu ya wanachojiwekea kwa ajili ya uzeeni, mpaka dola 1,000 kwa mwaka. Tutaona. Nyumbani halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na wenye ulemavu, jambo zuri, lakini ni mikopo. Akiba ya mama haiongezewi na mtu.

Nikajitazama na mimi. Kila mwezi namtumia hela ya matumizi, inaliwa, tunashukuriana, mwezi ujao tena. Wengi wetu tulioko nje ndivyo tulivyo, halafu tunalalamika kwamba nyumbani hakuendelei. Hivyo tangu mwaka jana nimebadilisha. Ya matumizi nimeipunguza (nilinuniwa wiki mbili) na badala yake kila shilingi anayonunulia hisa naongeza shilingi. Kwenye sanduku haiwezi kuingia, zile hisa tano kwa wiki ni kanuni na sitaki mama awe wa kwanza kuivunja. Kwa hiyo inakwenda UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja huko nyumbani, nanunua vipande, yaani sehemu za mfuko, kwa jina lake. Desemba wakivunja, vipande vinabaki.

Desemba iliyopita alikihoji kikundi chote kama nao wangeweka sehemu ya gawio huko kwa jina la kikundi, Februari isiwakute mikono mitupu. Walibishana mpaka magharibi. Aliyenisimulia ni mdogo wangu, maana mama mwenyewe hakutaka kuniambia kwamba hoja ilikwama kwa bibi mmoja, mwanzilishi, mwenye ufunguo wa pili. Alisikiliza maelezo yote ya simu na akaunti, akajifunga kanga vizuri, akauliza: "Na hivyo vipande, funguo zake anakaa nazo nani?"

Hakuna aliyemjibu, na mimi mpaka leo sijapata jibu la kumtumia.