Upotevu wa umeme: tuanze na mita ya nyumba au ya transfoma?

Mita janja, yaani mita inayotuma vipimo vyake yenyewe, ikisoma kila dakika 30 huleta vipimo 48 kwa siku, 17,520 kwa mwaka. Transfoma yenye wateja 100 hukusanya zaidi ya vipimo milioni 1.7 kwa mwaka, na bado mhandisi wa eneo akiulizwa umeme unapotelea wapi, anaweza kukosa jibu.

Tuangalie kwanza tulicho nacho. LUKU, mfumo wa shirika la umeme la Tanzania (TANESCO) wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, ina kumbukumbu ya kila ununuzi, lakini kununua si kutumia. Aliyenunua uniti 50 tarehe 28 atazitumia mwezi unaofuata. Ukilinganisha mauzo ya mwezi mmoja na umeme uliopita kwenye transfoma mwezi huohuo, utaona upotevu usiokuwepo, au uliopo utajificha. Jumlisha angalau miezi 3. Mita ya kawaida ya LUKU hupokea tokeni ya tarakimu 20, haitumi chochote. Ndiyo maana kabla ya Novemba 24, 2024, siku ambayo hesabu ya muda ndani ya tokeni ilifika ukomo, wateja wa Tanzania na Kenya walilazimika kubonyeza wenyewe namba za kuhuisha mita zao.

Kwa hiyo wanaodai tuanze na mita janja za nyumbani wana hoja nzito. Mita hizo hupima pia volti, na volti husema mengi. Nyumba zilizo kwenye transfoma moja na fezi moja (mojawapo ya nyaya tatu zenye umeme), volti zao hupanda na kushuka pamoja. Chukua vipimo vya wiki chache, linganisha mita na mita, na utagundua mteja aliyeandikwa transfoma A huku waya wake unatoka transfoma B. Kazi hiyo ukiifanya kwa miguu, nguzo kwa nguzo, ni ya miezi.

Upande wa pili unasema mita moja kwenye transfoma inatosha kuanzia, na mimi naegemea huko, kwa sharti moja: ikaguliwe. Mita hiyo hutegemea transfoma ndogo tatu za kupimia mkondo, moja kwa kila fezi. Zikiwa za 300/5, yaani ampea 300 za waya huifikia mita kama 5, mita izidishe kwa 60. Fundi akiandika 400/5 kwenye mita, itazidisha kwa 80. Hapo uniti halisi 31,500 zitasomeka 42,000. Kama mita za wateja zimejumlisha 30,200, ripoti itapiga kelele kwamba asilimia 28 imepotea, na msako wa vishoka, wanaounganisha umeme kinyemela, utaanza mtaani. Pengo la kweli ni uniti 1,300, kama asilimia 4, kiasi ambacho joto la nyaya peke yake linaweza kukieleza. Kosa jingine ni kugeuza moja kati ya zile transfoma ndogo tatu: mzigo ukiwa sawa kwenye fezi zote, mita itasoma theluthi moja tu ya umeme uliopita, na wateja wataonekana kutumia zaidi ya walicholetewa.

Dawa yake ni ya nusu saa. Bana kila waya kwa klampu mita, kifaa kinachopima mkondo bila kukata waya, soma ampea, linganisha na kioo cha mita, fezi moja baada ya nyingine, na uangalie kama kuna fezi inayosoma nguvu hasi, dalili ya iliyogeuzwa. Kisha hakikisha saa za mita zinakwenda pamoja na orodha ya wateja inalingana na nguzo. Pengo likibaki kubwa baada ya hapo, hapo ndipo mita janja za nyumbani zina thamani ya fedha yake.

Zina gharama nyingine pia: vipimo vya kila nusu saa huonyesha lini nyumba haina mtu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022; anayeziona taarifa hizo lazima ajulikane.

Kinachopaswa kumfikia fundi ni ukurasa mmoja: mita 10 za kukagua, namba ya nguzo, sababu ya kushukiwa, na nafasi ya kuandika alichokikuta. Hata “hakuna kosa” irudishwe kwenye mfumo, la sivyo kompyuta itamtuhumu mteja yuleyule kila mwezi.