Wagiriki wa kale walilipwa, acheni kuwasingizia

Kila Olimpiki ikikaribia lazima atokee mtu wa kusema wanariadha wa siku hizi wameharibiwa na hela, eti wale wa zamani kule Ugiriki walikimbia kwa ajili ya heshima tu na taji la majani kichwani. 2024 tukasikia tena, World Athletics, shirikisho la riadha la dunia chini ya Sebastian Coe, ilipotangaza kwamba kila dhahabu ya riadha Paris italipwa dola 50,000, wakuu wa michezo mingine wakaja juu kwamba hiyo inavunja misingi ya Olimpiki. Mimi hapo ndo nauliza, misingi ipi, na iliwekwa na nani?

Ni kweli pale Olympia, kulikofanyika Olimpiki ya kale, zawadi ilikuwa taji la mzeituni mwitu basi. Koroibos wa Elis, mshindi wa kwanza tunayemjua kwa jina, mwaka 776 KK, alikuwa mpishi, akashinda mbio za stadion, kama mita 192 kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, na stediamu tunayoisema leo imetokana na jina la mbio hizo. Ila ukiishia hapo umesoma nusu, maana mshindi akirudi kwao ndo mambo yanaanza. Plutarch, mwandishi wa kale, ameandika kwamba Solon, mtunga sheria wa Athens, aliweka sheria pale, raia wao akishinda Olympia anapewa drakma 500, na Plutarch huyohuyo anasema enzi hizo kondoo mmoja alikuwa drakma 1. Kondoo 500 jamani! Na juu ya hapo alikuwa anakula bure kwa gharama ya mji, jambo lililojulikana kiasi kwamba mwanafalsafa Socrates alipotiwa hatiani mwaka 399 KK aliwaambia waamuzi kama ni kumpa anachostahili basi wamlishe bure pale wanapolishwa washindi wa Olympia, kwa sababu yeye ana shida ya chakula kuliko wao.

Na hiyo ni Olympia tu, kulikuwa na mashindano mengine mengi tu ambayo zawadi yake ni mali waziwazi. Mfano mzuri ni Panathenaia, sherehe kubwa ya mji wa Athens, pale walikuwa wanatoa mitungi ya mafuta ya zeituni, na kuna jiwe la karne ya 4 KK lina orodha yenyewe, mtoto wa kiume akishinda stadion anapata mitungi 50. Mtungi mmoja unabeba karibu lita 40, kwa hiyo hapo unaongelea kama lita 2,000, mafuta hayo familia haimalizi, hiyo ni biashara. Mitungi yenyewe bado ipo kwenye majumba ya makumbusho, ina michoro myeusi juu ya udongo mwekundu, upande mmoja mungu wa kike Athena amesimama na ngao na mkuki, upande wa pili umechorwa mchezo ulioshindaniwa, wakimbiaji mikono imerushwa au watu wa mieleka wamekamatana, na pembeni ya Athena yameandikwa maneno yanayosema huu ni mmoja wa zawadi za Athens. Neno la zawadi pale ni athlon, ndo lilikotoka neno ambalo nusu ya dunia inamwitia mwanariadha leo, yaani mtu anayegombea zawadi. Sasa mtu huyo unamwambiaje kugombea zawadi ni aibu?

Hii habari ya michezo bila malipo ni ya mabwana wa Uingereza wa karne ya 19, watu wenye mashamba na muda wa kutosha. Mashindano ya makasia ya Henley yalikuwa na sheria ya kumzuia kabisa mtu anayefanya kazi za mikono. Hiyo habari ya kutolipwa ikaingizwa Olimpiki mpya na ikaumiza watu. Jim Thorpe, Mmarekani wa kabila la Sac and Fox, alishinda pentathlon (michezo mitano) na decathlon (michezo kumi) kwenye Olimpiki ya Stockholm 1912, mwaka uliofuata wakamnyang'anya medali zote kwa sababu aliwahi kulipwa vijisenti akicheza besiboli kipindi cha likizo ya chuo. Akafa 1953 hajarudishiwa, IOC, yaani Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ikaja kubadili msimamo 1982, na kumtambua kama mshindi pekee ni mpaka 2022. Hilo linaniuma sana, mtu kaadhibiwa kwa jina la Wagiriki ambao wenyewe wangempa kondoo.

Ndo maana Beatrice Chebet alipochukua dhahabu za mita 5,000 na 10,000 Paris, zile dola 100,000 mimi niliona ni haki yake kabisa, na IOC nayo inayokusanya mabilioni ya haki za televisheni ingepaswa kulipa, isiachie shirikisho la riadha peke yake. World Athletics imesema Los Angeles 2028 washindi wa medali za fedha na shaba nao watalipwa. Lile jiwe la Athens lilishalifikiria, mtoto aliyeshika nafasi ya pili kwenye stadion alikuwa anaondoka na mitungi 10.