Chole imesahauliwa na nani?

Wiki iliyopita jamaa yangu karudi kutoka Mafia, alikopita Chole, kisiwa kidogo kando ya kile kikubwa. Karusha picha kumi na nne, nyingi za miguu yake mwenyewe mchangani, na chini kaandika: "Chole, kisiwa kilichosahauliwa. Kimya, hakuna kitu." Nimeisoma mpaka chai ikapoa. Kimesahauliwa na nani?

Maana wenye nguvu hawajawahi kukisahau. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani wanagawana pwani yetu, Mafia ikaangukia kwa Mjerumani, naye akaweka makao yake hapo hapo Chole kabla ya kuhamia Kilindoni. Januari 1915 Mwingereza akaja kuiteka Mafia, ikawa kituo cha ndege za kuisaka Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyojificha delta ya Rufiji. Julai manowari hiyo ikazamishwa. Mwaka 1995 ikaja Hifadhi ya Bahari, ya kwanza nchini, na mgeni anakatiwa risiti ya kiingilio. Kusahauliwa gani huko kwenye risiti?

Lakini kilichoniuma zaidi ni hilo neno "kimya".

Mimi mwenyewe nilipovuka kutoka Utende, kijiji cha kisiwa kikubwa, mara ya kwanza nilisema hivyo hivyo. Nikamkuta mzee mmoja ufukweni chini ya chombo kilichobaki mbavu tu, anatoboa ubao kwa keekee, uta unakwenda na kurudi, unga wa mbao unamdondokea mguuni. Kando yake kijana anasokota pamba ya kukalafatia, kuziba nyufa za mbao. Shikamoo. Marahaba. Nikajifanya mwungwana: "Mzee, hapa kwenu patulivu sana." Hakuinua hata kichwa. "Umekuja saa nne, mwanangu. Watu wako baharini, wengine shamba. Ulitaka wakae wakusubiri?"

Nilinyamaza, nikashika ubao nilioambiwa nishike.

Na hao popo je? Jamaa yangu hakuwaona? Popo wakubwa wa matunda, wa aina inayopatikana hapo Mafia na Komoro, mchana kutwa wananing'inia mtini wakigombania tawi kama abiria wa daladala ya jioni. Mwenye masikio hawezi kusema kimya. Magharibi wanaondoka kundi zima kwenda kula, halafu ndiyo unasikia maji.

Haya, nakubali kidogo: hakuna foleni, hakuna honi, na usingizi wa kule sijaupata kwingine. Sikatai. Ila utulivu ule ni mtamu kwa sababu una tarehe ya kuondoka. Ukiwa na mgonjwa usiku, maji yamekupwa, chombo kimelala upande kwenye tope, na hospitali ya wilaya iko Kilindoni, ng'ambo ya pili ya kisiwa kikubwa, utulivu huo huo unakugeuzia uso mwingine. Wenyeji wanaujua mwezi na bamvua yake, yale maji makubwa, kuliko sisi tunavyojua siku ya mshahara. Mgeni anajua saa ya chakula.

Jamaa yangu nimempigia. Nikamuuliza kama alisalimiana na mtu yeyote kule. Akafikiri, akasema ndiyo, yule wa boti. Jina lake? Akaniambia mtandao unasumbua.