Mchoro Hauji Kujaza Nafasi

Kila msimu wa korosho ukifunguliwa, machapisho yetu hapa Mtwara hujaa picha ya aina moja: viganja viwili vimejaa korosho ghafi. Ukitazama bango, viganja. Kalenda, viganja. Jarida la shule nalo halibaki nyuma. Picha yenyewe haina ubaya, ila haimwambii msomaji wa Newala au Tandahimba jambo lolote ambalo halijui.

Wachoraji wazuri tunao, kwa hiyo sitaki kusikia kwamba vipaji vimepungua Kusini. Kinachotuangusha ni tunachokitazama. Anayedizaini kwa simu anapewa na programu violezo vilivyokwisha kupangwa, kazi yake inabaki kubadilisha rangi na jina la mteja. Ndiyo maana nawasihi wenzangu wa kazi hii turudi kwenye majarida, ya zamani na ya sasa, ya kwetu na ya mbali, tuyachunguze kwa jicho la fundi.

Mchoraji wa makala anayejua kazi yake huisoma makala yote, kisha hutafuta picha moja inayoweza kuibeba hoja, hata kama kitu anachokichora hakitajwi popote kwenye maandishi. Chukua kangomba, ile biashara ya kununua korosho za mkulima kwa bei ya kutupa, nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Wengi tungechora mtu na magunia yake gizani. Mimi ningechora kopo la kupimia, likachukua ukurasa mzima, na ndani yake nikaweka sare za shule, bati za nyumba na jembe, vimejaa hadi mdomoni, mkono wa mnunuzi unavisawazisha. Mkulima mwenyewe nisingemchora. Msomaji akiona mali ile inapimwa kwa kopo atajua nani ananyang'anywa, kabla hajagusa sentensi ya kwanza.

Uwezo huo hujengwa kwa kuangalia waliouweza. Saul Steinberg alichora jalada la jarida la Marekani, The New Yorker, la tarehe 29 Machi 1976. Barabara chache za Manhattan zimechukua nusu ya ukurasa, unafuata mto Hudson, kisha Marekani yote iliyobaki imebanwa ikawa kipande kidogo cha mstatili, halafu bahari ya Pasifiki, na kwa mbali kabisa China, Japani na Urusi. Majivuno yote ya mtu wa mjini yamo humo. Jalada hilo limeigwa mno duniani na hakuna haja ya sisi kuliiga tena. Tuchukue uamuzi wake: ukubwa wa kitu kwenye karatasi uwe sawa na uzito wake moyoni mwa anayetazama, ramani iseme itakavyo.

Sasa jiulize, dunia ya mtu wa Msimbati, kijiji cha Mtwara kunakochimbwa gesi, ingechorwaje? Mto Ruvuma ungekuwa mlangoni. Ndugu wa ng'ambo, Msumbiji, wangekuwa karibu kuliko Dar es Salaam. Na bomba linalopeleka gesi Dar es Salaam, ungelichora kwa unene gani? Wachoraji wawili wa Mtwara wakilijibu swali hilo la mwisho kwa penseli, watakuwa wameandika makala mbili tofauti.

Darasa lipo nyumbani pia. Katuni za Chakubanga za Christian Gregory kwenye gazeti la Uhuru, na baadaye jarida la Sani lenye wahusika wa katuni akina Ndumilakuwili na Lodi Lofa, vilimzoesha msomaji kumtambua mtu kwa mkao na mavazi kabla ya kusoma anachosema. Nakala za zamani za Sani ukizikuta kwa muuza vitabu, zinunue.

Upande wa kupanga kurasa, nina walimu wawili wasiofanana hata kidogo. Alexey Brodovitch alisanifu jarida la mitindo la Harper's Bazaar kule New York tangu 1934 hadi 1958. Aliacha sehemu kubwa za ukurasa nyeupe, alikata picha bila huruma, na safu za maneno alizipinda zifuate umbo la mtu aliyepigwa picha. George Lilanga, mchoraji Mmakonde wa Masasi aliyezaliwa mwaka huohuo wa 1934 na kufariki 2005, hakuacha tundu. Mashetani wake wenye masikio makubwa wamebanana hadi ukingoni, rangi zinagombana, na kila mmoja ana shughuli yake. Makala ya mnada wa korosho inataka ukurasa wa Lilanga. Makala ya mvuvi ambaye hakurudi inataka weupe wa Brodovitch. Dizaina anayejua njia moja tu ataziharibu zote mbili.

Halafu kuna kanga. Ina pindo, ina mji, ina jina, na mnunuzi wa Lindi au Mikindani huyasoma maneno kabla ya kuuliza bei. Mpaka, picha na maneno machache yenye makali, kila kimoja mahali pake: hilo ni jalada tayari. Yalinganishe maneno hayo na vichwa vya habari vinavyojaza mistari mitatu kwenye majarida yetu.

Zoezi ninalolipenda halihitaji bando. Funika mchoro wa jarida kwa karatasi, soma makala, chora majibu yako ya penseli, kisha funua uone mwenzako alichagua nini na aliacha nini. Kufuatisha mstari wake nyumbani ni mazoezi halali ya mkono. Kuuza ulichofuatisha ni wizi.

Wanaotoa kazi nao wana sehemu yao. Mchoraji huitwa mwisho, huonyeshwa nafasi iliyobaki na kuambiwa "weka kapicha hapa", kesho asubuhi kazi iende kiwandani. Apewe makala ingali rasimu. Azungumze na mwandishi, alete michoro ya awali, mhariri na mwandishi waichague pamoja naye. Malipo yatajwe kabla penseli haijagusa karatasi, na jina lake lichapwe kando ya la mwandishi kwa herufi za ukubwa uleule.